Dada wa Kazi Ana Kwao

Mhariri, swali lako la wiki hii linauliza ni kipande gani cha tamthilia au kichekesho kinachooneshwa sasa kwenye runinga ambacho kimetugusa kuliko vingine, na kwa nini. Jibu langu ni kipande cha tamthilia moja ya hapa nchini, ambamo dada wa kazi aliyetoka Iringa anamwomba mama mwenye nyumba mshahara wake wa miezi ambayo alikuwa "akitunziwa". Nimekichagua kwa sababu mhusika huyo yumo karibu katika kila tamthilia ninayoifuatilia, anapika, anafungua geti, anasikiliza siri mlangoni, lakini ni nadra sana kuona mwandishi akimwachia nafasi ya kusema jambo lake mwenyewe.

Nina mgahawa karibu na stendi ya Makambako, mkoani Njombe, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya Mbeya, na jioni runinga yetu hutazamwa na madereva wa malori ya mbao, wanunuzi wa parachichi, wasafiri waliokwama na mabinti wanaonisaidia jikoni. Katika mazingira hayo tamthilia haitazamwi kimyakimya, bali hujadiliwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nilishangaa jinsi watu walivyonyamaza wakati wa kipande hiki.

Binti anaweka beseni la vyombo chini, anajifuta mikono, kisha anasema kwa adabu kwamba anaomba fedha zake ili aende kumsalimia bibi yake mgonjwa. Mama mwenye nyumba hamkatalii. Anatoa daftari na kuanza kumhesabia: sahani zilizovunjika, dawa alizonunuliwa alipougua malaria, sabuni, vitenge viwili vya Krismasi, na nauli ya basi aliyotumiwa siku ya kwanza. Kila anachokitaja ni kweli, na hilo ndilo linaloumiza, kwa kuwa mwisho wa hesabu binti ndiye anayeonekana kudaiwa. Mwongozaji hakuweka muziki wa huzuni, ingawa tamthilia zetu zimezoea kutupigia muziki ili tujue ni wakati wa kulia. Aliiacha kamera usoni pa binti, nasi tukabaki tunamtazama akisikiliza.

Kipande kilipokwisha, mabishano yakaanza. Dereva mmoja alimtetea mama kwa hoja kwamba kumlisha na kumlaza mtu mjini ni gharama, naye mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi akamjibu kuwa chakula anachopika mwenyewe si mshahara. Binti mmoja wa jikoni kwangu, ambaye aliwahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam kabla ya kurudi huku, alisema maneno machache tu: "Daftari analo mmoja." Sijasikia uhakiki bora zaidi wa kipande kile.

Sasa nieleze ni kwa nini kipande hiki ni tofauti na vile tulivyozoea. Kwa kawaida dada wa kazi wa kwenye tamthilia huingia na begi kichwani, hushangaa friji, huunguza wali, na huzungumza kwa lafudhi ambayo mwigizaji ameichota huku na huku. Nimewahi kutazama sehemu moja ambayo binti anasema ametoka Iringa, anasalimia "kamwene" kama Mhehe au Mbena, kisha akipewa zawadi anashukuru kwa "ndaga", neno la Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela. Kwa anayeandika akiwa Mikocheni, Dar es Salaam, nyanda zote za juu kusini ni kijiji kimoja chenye baridi, na jina lake ni Iringa. Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, lakini habari hiyo bado haijafika kwenye miswada.

Ninaelewa sababu ya mhusika huyu kupendwa na waandishi. Tamthilia inayotakiwa kuonekana siku kadhaa kwa wiki haina muda wala fedha za kuzunguka. Hukodi nyumba moja kubwa, sebule, jiko na geti, na mambo yote hutokea humo. Katika nyumba kama hiyo anahitajika mtu wa kuhamisha habari kutoka chumba hiki hadi kile bila kutiliwa shaka, na hakuna anayefaa kuliko msichana ambaye wenye nyumba wanazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Kiufundi ni mhusika wa thamani kubwa. Kinachonisikitisha ni kwamba mwandishi naye humchukulia kama wale wenye nyumba wanavyomchukulia.

Katika vichekesho tofauti inaonekana wazi zaidi. Kuna vile ambavyo dada wa kazi anamzidi bosi wake akili, anajibu simu ya mchepuko wa baba kwa heshima zote na kumfanya baba ajikaange mwenyewe, na vichekesho hivyo mabinti wangu huvicheka mpaka wanasahau vitumbua kwenye mafuta. Kuna vingine ambavyo kichekesho chote ni matamshi yake. Hivyo pia wanavicheka, tena kwa nguvu, nami sitasema kwamba wanaumia moyoni, kwa sababu hawajaniambia. Lakini nimeona kwamba baada ya vile vya kwanza hurudia maneno ya mhusika kwa siku kadhaa, na vile vya pili hakuna anayevikumbuka kesho yake.

Jambo lililonifanya nilitafakari suala la lafudhi kwa uzito ni tamthilia za nje zinazotiwa sauti za Kiswahili. Katika ile ya Kituruki inayohusu kasri la Sultan Suleiman, mwanamke aliyeletwa kama mateka kutoka kaskazini mwa Bahari Nyeusi anazungumza Kiswahili sanifu chenye mpangilio mzuri, na tunamheshimu tangu anapofungua kinywa. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, na wakwe wale wa Beijing nao walipewa Kiswahili kisafi. Ni binti wa Mufindi peke yake, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye lugha hiyo inamshinda akifika kwenye runinga. Tulifuatilia ugomvi wa familia ya Beijing bila kuwahi kufika huko, wala hakuna aliyesema mambo ya wakwe wale yako mbali mno. Kwa nini basi idhaniwe kwamba mtazamaji wa Dar es Salaam hatavutiwa na familia ya Njombe?

Wapo waliokwisha kuthubutu kutoka nje ya jiji. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonekana mwaka 2012, ilimweka mpigapicha wake Bagamoyo, na mji ule haukuwa pazia la nyuma tu, kwani kwa kuutazama ulijua watu wake wanaishi vipi na wanaogopa nini. Huku kwetu hadithi zipo tele. Chukua jambo linalozungumzwa kila wiki mezani kwangu: mzee wa Mufindi, si mbali na Shamba la Miti la Sao Hill, anapanda misindano ambayo itahitaji kiasi cha miaka 20 ili itoe mbao nzuri, naye anafariki miti ikiwa na miaka 11. Mtoto mmoja anataka ivunwe sasa kwa kuwa ana deni, mwingine anataka isubiri, mama yao hataki kusikia sauti ya msumeno, na mnunuzi mwenye lori amekwisha kulipa kishika uchumba kwa aliye na haraka. Hapo pana misimu mitatu ya tamthilia, na dada aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani anastahili urithi kama kaka zake.

Huyo ndiye ninayetaka kumwona. Katika tamthilia niliyoianza, binti bado hajalipwa, na kila jioni wateja wananiuliza kama sehemu mpya imefika. Natamani mwandishi asimwozeshe kwa kijana wa nyumba ile, kwa maana hiyo ndiyo njia rahisi waliyoizoea, bali ampe fedha zake zote na ampandishe basi. Kamera ipande naye mlima Kitonga, impitishe Iringa mjini na Mafinga, imfikishe kwa bibi yake, na tumsikie akizungumza na watu wanaomjua kwa jina la ukoo wake. Akitaka kurudi mjini baada ya hapo, arudi kwa masharti yake, na safari hii daftari alishike yeye.

Msomaji, Makambako