Maswali na Majibu: Safari Ndefu, Dereva Peke Yake

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Mwanza na vitongoji vyake wanaojiandaa kuvuka nyika ya kati bila abiria wala utingo. Nimechagua nne.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, ninaishi Nyegezi. Likizo hii nitaendesha gari langu mwenyewe hadi Dodoma. Nifike siku hiyo hiyo, au nilale njiani?

Marahaba, mwalimu. Lala Singida. Kutoka Mwanza hadi Dodoma kupitia Shinyanga, Nzega na Igunga ni takriban kilomita 700, na kwa kuwa unatakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa katika kila eneo la makazi lenye alama, safari hiyo huchukua mchana mzima hata kama hakuna lililoharibika. Madereva wawili wanaopokezana wanaweza kuimaliza. Wewe huna wa kukupokea, na ukichelewa kidogo tu, kipande cha mwisho utakiendesha gizani, wakati ng'ombe wanavuka na malori yaliyoharibika yamesimama bila taa. Kumbuka pia kwamba unakwenda mashariki: jua la asubuhi litakupiga machoni, na jioni litazama dakika kadhaa mapema kuliko ulivyozoea huku ziwani. Ukiondoka kunapopambazuka, utafika Singida jua likiwa bado juu, uegeshe gari, na uweze hata kutembea kidogo kando ya ziwa Singidani. Kilomita 240 hivi zinazobaki utazimaliza kesho yake kabla ya chakula cha mchana.

Kila ninapovuka Igunga usingizi hunijia. Hufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio. Ni dawa gani nyingine?

Ndugu yangu, hizo ulizozitaja si dawa. Ukiondoka Mwanza asubuhi na kupumzika Nzega, unaingia mbuga ya Wembere mchana, na kati ya saa 8 na saa 10 alasiri mwili wa binadamu hulegea hata kama hakula wala hakuchoka. Mbuga yenyewe ni tambarare, barabara imenyooka, na jicho halina cha kushika mpaka mlima Sekenke ujitokeze mbele. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari hupita mita 25 kila sekunde, kwa hiyo ukisinzia kwa sekunde 4 utakuwa umekwenda mita 100 bila dereva. Abiria angekugusa bega. Ukiwa peke yako hakuna atakayekugusa. Basi simama Igunga kabla usingizi haujaja, mahali penye watu, kunywa kahawa, kisha funga milango na ulale dakika 20. Kahawa huhitaji kama nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka nayo. Ukipiga miayo tena kabla ya Sekenke, usijilazimishe kupanda mlima huo wenye kona. Tafuta mahali salama nje ya barabara, usimame tena.

Naishi Lamadi. Naweza kuingia lango la Ndabaka na gari dogo, nipite Serengeti hadi Arusha?

Kiangazi, gari la chini huweza kupita, ingawa sikushauri. Udongo wa ukanda huo wa magharibi ni ule mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga: mkavu hupasuka, ukilowa hunasa gurudumu kama ulimbo. Zaidi ya hilo, ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Fikiria pancha basi, nawe uko peke yako, umepiga magoti kando ya gurudumu bila mtu wa kuangalia nyuma yako. Kwa safari ya dereva mmoja, zunguka kwa lami kupitia Singida na Babati. Serengeti irudie siku utakapokuwa na mwenzako.

Gari likizima nyikani, nifanye nini kwanza?

Litoe barabarani, uweke pembetatu za kuakisi mwanga mbali mbele na nyuma. Ukiona matawi mabichi yamepangwa kwenye lami, ujue mwenzako amefanya hivyo hivyo, upunguze mwendo. Injini ikichemka, usifungue rejeta mpaka ipoe kabisa. Beba lita 10 za maji mbali na yale ya kunywa.

Tairi ya akiba ndiyo huwaumbua wengi, na mimi nimo. Mwaka mmoja nilipata pancha kabla ya Sekenke, nikashusha tairi ya akiba, nikaikuta haina upepo, kwa kuwa sikuwa nimeipima tangu nilipoinunua. Mzee mmoja mchungaji alikaa nami kwa saa mbili, mpaka dereva wa lori akasimama akaijaza kwa mpira wa upepo wa gari lake. Nilikuwa nimemwamkia mzee yule kwa Kisukuma, *mwangaluka*, kabla ya kumweleza shida yangu, naye akaniuliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za gari. Tangu siku hiyo huipima tairi ya tano pamoja na zile nne, alfajiri, kabla matairi hayajapata joto, na humwachia mke wangu karatasi yenye majina ya miji nitakayosimama na saa nitakayompigia kutoka kila mmoja.