Usiende Lamu kwa geji ya sheli

Kaka, usitoke Malindi hivyo. Umeandika kwamba unapeleka familia hadi Mokowe mkapande boti ya Lamu, kwamba asubuhi utapita sheli wakupimie upepo, halafu unauliza ununue geji ya mshale au ya dijitali. Hapo pa kupimiwa sheli ndipo moyo uliponipasuka. Mimi nilifanya vivyo hivyo, kwa njia hiyo hiyo, na safari ikanitokea puani.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Gari limetoka kuzunguka mjini na limejaa watu na mizigo hadi nyuma imekaa chini. Kijana wa sheli akachomeka mpira wa kompresa, akatazama geji, akasema, "Yote 32, mzee, safiri salama." Tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui na Gongoni. Mbele kidogo gari likaanza kuyumba kwa nyuma, kisha mlio mmoja mkubwa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechanika ubavu karibu mviringo mzima. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini wanangu walilia njia nzima ya kurudi.

Fundi wa pancha alipolivua kwenye rimu, ndani mlikuwa na unga mweusi wa mpira, kama kahawa iliyosagwa. Tairi lenye upepo kidogo ubavu wake hujikunja kila linapozunguka, linapata moto, mpira unajisaga kwa ndani mpaka nyuzi zinakatika. Nikamwambia afungue na la kulia. Unga ule ule. Kwa hiyo matairi mawili ya kutupa, rimu imepinda, boti imetupita, na waliotungojea Lamu wamekesha na wasiwasi. Yote hayo kwa matairi "yenye 32".

Niliporudi pale sheli nikaikuta ile geji imening'inia, haijachomekwa popote, na mshale wake umelala kwenye 6. Haurudi sifuri! Kioo kina ukungu kwa ndani. Sasa piga hesabu nami. Toa hizo 6 katika 32, zinabaki 26. Na matairi yalikuwa ya moto, maana gari limetembea juani, na tairi likipata moto upepo hupanda psi nne hivi au zaidi (psi ndicho kipimo cha nguvu ya upepo, hizo 32 ni psi). Likipoa unabaki na kama 22. Nilikuwa nimebeba watu na mizigo juu ya psi 22.

Nilipomwonyesha mwenye sheli akanijibu kwamba wote wanaitumia hiyo na hakuna aliyelalamika. Mafuta yake anayauza kwa mashine yenye muhuri wa serikali, mnunuzi asije akapunjwa lita. Upepo unaobeba roho za watu anaupima kwa geji inayoburutwa kwenye saruji, inayokanyagwa na magari, na kuliwa na chumvi ya bahari mwaka mzima. Na kuna fundi wangu wa miaka mingi aliyekuwa akiniambia geji zote ni moja. Si moja, na yeye wa kwanza alipaswa kujua. Wale wa kupiga tairi teke wakasema "liko sawa" nao wakae kando, teke halina namba.

Sikiliza hili hata kama mengine utayaacha: upepo upime mwenyewe, kwa geji yako mwenyewe, alfajiri kabla gari halijasogea. Mpira wa sheli uutumie kujazia tu, namba usiitafute pale. Wakishajaza, toa geji yako upime tena. Gari likiwa limeshatembea, lipumzike kivulini kwa muda wa masaa matatu ndipo namba iwe ya kuaminika.

Geji yenyewe: mimi natumia ya mshale, yenye mpira mfupi na kitufe cha kupunguzia upepo. Kabla ya kulipa, hakikisha mshale umekaa sifuri. Usichukue ya kufika 160, hiyo ni ya malori. Chukua ya kufika 60. Geji nyingi kosa lake huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chote, kwa hiyo asilimia 2 ya 160 ni zaidi ya psi 3, lakini ya 60 ni psi moja na kidogo. Pia 32 inaangukia katikati ya kipimo, na hapo ndipo geji ya mshale husema kweli zaidi. Ukikuta imeandikwa EN 12645, hicho ni kiwango cha Ulaya cha geji za matairi, hakiruhusu kosa kupita bar 0.08 kwa presha za gari dogo, yaani kama psi moja. Ya dijitali nayo ni nzuri, ila desimali zisikuhadae. 31.5 inaweza kuwa uongo sawa na ule mshale.

Hata mpya usiiamini kabla ya kuilinganisha. Azima mbili kwa majirani, pimeni tairi moja lililopoa. Ikitofautiana na wenzake kwa psi tatu nne, irudishe dukani. Halafu pima tairi lile lile mara tatu mfululizo. Isiporudia namba yake haifai. Ihifadhi ndani ya soksi kwenye kisanduku cha gari, isianguke wala isilale mchangani.

Namba ya gari lako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo, usiifuate. Kama gari limetoka Japani utakuta kipimo kingine, kPa: 220 ni psi 32, 240 ni 35. Kama kibandiko kina namba ya mzigo kamili, fuata hiyo.

Na ukifika Garsen njiani ukakuta namba imepanda, usipunguze! Ni moto wa barabara, ukipoa inarudi yenyewe. Kesho alfajiri pima yote manne pamoja na spea, uandike hapa umepata ngapi.