Kabla hujaitupa beringi ya mota ya umeme, isome

Dereva wa bajaji ya umeme akikuletea chombo na kusema "fundi, mota inalia," mara nyingi kijiweni wameshamwambia kwamba ni beringi. Na mara nyingi ni kweli. Shida inakuja baadaye. Beringi mpya inafungwa, kelele inaisha, hela inalipwa, halafu baada ya muda mfupi mlio uleule unarudi. Hapo lawama zote zinaiangukia beringi: feki, ya bei rahisi, haina maisha. Feki zipo na nitazigusa. Ila kwa mota nyingi ninazofungua, kilichoua beringi ya kwanza kinabaki palepale kikisubiri ya pili: kiti kilicholegea (yaani tundu la kava ambamo beringi inakaa), washa iliyopotea, maji, nyundo, au umeme.

Nitaongelea bajaji na pikipiki za umeme kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye karakana hapa Dar. Mwenye gari atajiokotea yanayomhusu, na kuna sehemu moja huko mbele inamhusu zaidi kuliko mwenye bajaji.

Anza kwa kuhakikisha kwamba ni beringi kweli. Inua tairi za nyuma, chomoa zile nyaya tatu nene za mota kwenye kontrola (kifaa kinachoilisha mota umeme wa betri), hakikisha hazigusani, kisha zungusha kwa mkono. Zikigusana, mota inakuwa nzito kana kwamba breki imeshika, na utaisingizia beringi. Halafu kuna hili: mota ya sumaku ukiizungusha polepole inakwenda kwa vituo vituo. Hizo ni sumaku zikivutana na meno ya stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, na hata mota mpya inafanya hivyo. Vituo vya sumaku ni laini na vinafanana mzunguko mzima. Beringi mbovu inakwaruza bila mpangilio, na utaisikia vizuri ukiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava ya mota na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio.

Kisha rudisha nyaya, piga resi tairi zikiwa juu, na uzime swichi ghafla. Sauti ikikatika papo hapo, tafuta kwenye kontrola, sensa za ndani ya mota au nyaya za fezi. Ikiendelea kushuka taratibu pamoja na mwendo, basi ni ya vyuma: beringi, rota (sehemu inayozunguka) isiyokaa mizani, au gia za difu. Kipimo hiki hakikugharimu chochote, na bado nawaona mafundi wanaoruka moja kwa moja kwenye kufungua bolti.

Anayependa hesabu anaweza kutumia simu yenye programu ya kuchora sauti. Beringi yenye namba 6204 ina gololi 8 kati ya ringi mbili, ya ndani na ya nje. Ringi ya nje ikiwa na kovu, gololi zinaligonga takriban mara 3 kwa kila mzunguko wa shafti. Kovu likiwa kwenye ringi ya ndani, takriban mara 5. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, utaona mlima wa sauti karibu na 150 au 250 kwa sekunde. Mlima ukikaa kwenye 50 yenyewe, usiguse beringi kwanza, angalia mizani ya rota na unyofu wa shafti.

Sasa beringi imetoka. Usiitupe. Kata ringi ya nje kwa grainda sehemu mbili zinazoelekeana, miwani ikiwa machoni, safisha grisi, na uangalie njia ya gololi kwenye mwanga. Hapa ndipo kazi ilipo. Mashimo madogo yaliyoachana kwa umbali sawa na nafasi ya gololi yanasema beringi iligongwa wakati wa kufungwa, au chombo kilisafirishwa mbali kikitikisika huku mota imesimama. Njia ya gololi iliyopinda, inayopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, inasema kava mbili haziangaliani au beringi ilikaa upande. Grisi iliyogeuka rangi ya kutu ni maji. Mistari myembamba iliyojipanga kukatiza njia, kama barabara ya vumbi iliyoota matuta, ni umeme. Na kabla hujakata, tazama pia mgongo wa nje wa ringi: ukiwa umeng'aa au una rangi ya kahawia, ringi nzima ilikuwa ikizunguka ndani ya kava.

Hilo la mwisho ndilo ninalolikuta zaidi, na sababu yake ni aluminiamu. Kava za mota hizi ni za aluminiamu na beringi ni chuma. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto. Chukua 6204, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 47. Mota ikipanda nyuzi 60 juu ya ilivyokuwa asubuhi, kiti kinatanuka kuliko beringi kwa takriban maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Beringi iliyoshikwa vizuri baridi sasa inaelea. Inaanza kuzunguka kidogo kidogo, inakula kiti, nafasi inaongezeka, rota inayumba, na mtetemo unazidi kula kiti. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huweka ringi ya mpira kwenye mfereji ndani ya kava ili kuizuia. Ukiikuta hiyo ringi ya mpira, badilisha, usiitupe ukadhani ni uchafu.

Dawa inayotumika sana mitaani kwa kiti kilicholegea ni kukipiga nukta nukta kwa panchi ili kibane. Naipinga kabisa. Ringi ya nje ni nyembamba kuliko inavyoonekana, na ikisukumwa ndani ya kiti inachukua umbo la kiti hicho. Ukiwa na vinundu sita, utakuwa na ringi yenye pembe sita, ndogo mno kwa jicho lakini gololi zinazihisi zote, kila mzunguko. Umelipa hela kununua beringi iliyosagwa kwa usahihi wa maikroni halafu umeibonyeza kwa panchi. Kipande cha kopo la soda kinachokunjwa pembeni kina ubaya huohuo kwa sababu kinabana upande mmoja.

Kiti kikiwa kimelika kidogo, tumia gundi maalumu ya kushikilia beringi. Loctite 641 ilitengenezwa kwa beringi ambayo siku moja itatolewa tena. Safisha grisi yote kwanza, na usiimwage mpaka ikaingia kwenye gololi. Kikiwa kimelika sana, mpelekee fundi wa kuchonga atanue tundu na kuingiza bushi, na ahakikishe bushi imekaa katikati, kwani nafasi kati ya rota na stata ni finyu na kosa dogo litafanya sumaku zivute upande mmoja zaidi. Kama kava mpya inapatikana, hesabu gharama zote mbili kabla ya kuamua.

Ila gundi usiiweke kwenye viti vyote viwili kwa pamoja. Mota ina beringi mbili: moja imefungwa isitoke mahali pake, nyingine imeachwa iteleze kidogo, kwa sababu shafti ikipata moto inarefuka. Upande huo wa kuteleza ndipo inapokaa washa nyembamba ya springi yenye mawimbi. Nitasimama hapa kidogo, maana washa hii inapotea kwenye karakana kuliko kitu kingine chochote. Inabaki imenasa ndani ya kava kwa grisi, kava inaoshwa kwa petroli, washa inaanguka kwenye beseni, na mota inafungwa bila mtu kujua. Inazunguka vizuri tu. Lakini kazi ya washa ile ilikuwa kuisukuma ringi ya nje ili gololi zote zigusane na njia zake wakati wote. Bila hiyo, gololi chache tu ndizo zinazobeba mzigo, nyingine zinarukaruka na kuburuzwa, na utasikia mlio mkavu wa kokoto mota ikiwa haina mzigo. Weka mzigo, mlio unapungua, na dereva atakwambia "inalia nikiachia resi tu." Ukisikia sentensi hiyo, ulizia washa kabla ya beringi. Na washa iliyolala, iliyopoteza mawimbi, haifai hata kama ipo.

Kwenye kununua, soma maandishi yote ya beringi ya zamani, siyo namba peke yake. 6204-2RS C3 na 6204-2RS ni vitu viwili. 2RS ni sili za mpira pande mbili, ZZ ni kinga za bati, ambazo hazizuii maji. C3 inawachanganya wengi. Wanadhani ni daraja la ubora. C3 ni nafasi ya ndani kati ya gololi na ringi, kubwa kuliko ya kawaida. Kwa 6204 nafasi ya kawaida ni maikroni 5 hadi 20, na C3 ni 13 hadi 28. Kiwanda huchagua C3 kwa kuwa ringi ya ndani inabanwa na shafti na kupata joto la rota, hivyo inatanuka na kuila nafasi hiyo. Ukiweka ya kawaida mahali pa C3 inaweza kubana ikipata moto. Ukiweka C3 mahali pa kawaida bila washa nzuri ya springi, umejiongezea mlio. Rudisha ilivyokuwa.

Beringi nyingi za China hupangwa pia kwa mtetemo wake, alama zikiwa Z na V. Namba ikikua, beringi ni tulivu zaidi, hivyo Z3V3 inaishinda Z1V1. Kwa mota omba za juu. Za feki zinafanana na halisi kwenye boksi, na bei ndiyo inayozitaja mapema. SKF wana programu ya simu inayoitwa SKF Authenticate: unapiga picha za boksi na beringi, wanakujibu.

Kufunga ni suala la kujua nguvu inapita wapi. Ukiingiza kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani. Ukiingiza kwenye kava, sukuma ringi ya nje. Nguvu ikipita kwenye gololi umeshaiharibu, hata kama umegonga "kidogo tu." Kipande cha bomba kinachoenea kwenye ringi husika pamoja na presi, au hata vaisi, vinatosha. Kava ya aluminiamu ukiipasha mpaka nyuzi 100 hivi, beringi inadumbukia yenyewe. Beringi yenye sili usiipashe kupita nyuzi 80, na usiichemshe kwenye oili. Angalia pia rota: sumaku zake zinavuta kwa nguvu ya kukata kidole, na ukiiachia ijipige kwenye stata, pigo lote linaishia kwenye beringi yako mpya. Ishushe kwa bolti ndefu za kuongozea. Zile chembe za chuma zilizogandamana kwenye sumaku zitoe kwa utepe wa gundi kabla hujafunga. Grisi usiongeze. Beringi yenye sili inakuja na grisi inayojaza kama theluthi moja ya nafasi yake, na hiyo ni makusudi; ukiijaza yote inachemka.

Kuhusu umeme. Kwenye magari yenye betri ya volti 350 au zaidi, kama Nissan Leaf, kontrola inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na volti zinajikusanya kwenye shafti mpaka zinaruka kupitia utando wa grisi ndani ya beringi. Kila mruko unayeyusha nukta ndogo. Ikitokea ile mistari ya matuta, beringi mpya ya kawaida itaishia hivyohivyo. Inahitajika yenye gololi za seramiki, au brashi inayoupeleka umeme wa shafti kwenye bodi, na mara nyingi vyote viwili. Ukiweka seramiki upande mmoja tu, umeme unahamia upande wa pili au kwenye gia.

Kwa bajaji ya volti 60 au 72 sababu hiyo siipi uzito. Nikikuta makovu ya umeme humo, swali langu la kwanza kwa dereva ni: umechomelea chesisi lini? Mchomeleaji akibana waya wa ethi mbele kwenye usukani huku anachomelea ekseli nyuma, mkondo unatafuta njia na beringi ni mojawapo. Ethi ibanwe karibu kabisa na panapochomelewa, chuma kilekile, na nyaya za betri na kontrola ziwe zimechomolewa.

Maji yana mtego wake. Mota iliyopanda moto ikiingia ghafla kwenye maji, tuseme bonde la Jangwani siku za masika, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na mota inanyonya maji kupitia sili na tundu la nyaya. Kuosha kwa presha mara tu baada ya safari kunafanya hivyohivyo. Mwambie dereva aache ipoe, na asielekeze presha kwenye shafti.

Ukimaliza, kaza bolti za kava kwa kuvuka, kidogo kidogo, ukizungusha shafti kwa mkono kila hatua. Ikiwa nzito baada ya bolti fulani, legeza hapohapo. Usitoe chombo kikiwa baridi. Kiendeshwe na mzigo mpaka mota ipate moto hasa, kisha kiinuliwe na kusikilizwa tena. Mota iliyo kimya baridi na kulia ikiwa moto inakuonyesha kiti kwenye kava, na kazi ya kiti ni bora ifanyike leo kabla dereva hajaondoka.