Kwa afisa habari anayeanza kazi serikalini

Ndugu yangu uliyepangiwa kituo katika kitengo cha mawasiliano serikalini, iwe wizarani Dodoma au katika halmashauri ya wilaya, ninakusihi kwanza uijue kazi ya taasisi yako kabla ya kuisemea. Ni rahisi mwaka kuisha ukiwa nyuma ya kamera na katika misafara ya viongozi, ilhali huwezi kueleza matumizi ya idara hata moja. Nenda kwa wahandisi, wachumi na wahasibu, omba kukaa katika vikao vyao, na usome hotuba ya bajeti ya wizara yako ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mwandishi atakayekupigia simu huenda ameisoma.

Ujuzi huo huonekana katika taarifa kwa umma. Maji yakikatika mtaani, taarifa nyingi huandika kwamba huduma itakosekana "kutokana na hitilafu ya kiufundi", kisha huomba radhi na kugongwa muhuri. Mama lishe anayeisoma hajui achote ndoo ngapi. Afisa aliyezungumza na fundi ataandika kwamba pampu imeungua, mitaa fulani itakosa maji hadi kesho saa 12 jioni, na boza litapita shuleni na kwenye zahanati. Taarifa ya pili si ndefu kuliko ya kwanza, ila mwandishi wake alitoka ofisini.

Waandishi wa habari hukupigia jioni, mhariri akikaribia kufunga ukurasa. Pokea simu hata kama huna jibu, useme ni nani unayemsubiri na utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa siku 30 za kumjibu mwombaji; huo ni ukomo wa mwisho, wala usiugeuze kuwa desturi ya ofisi. Ukinyamaza, habari itatoka bila upande wako, na kukanusha kesho yake hakuwafikii wote waliosoma jana.

Jua pia mipaka ya kauli yako. Serikali ina Msemaji Mkuu wake, nafasi ambayo kwa miaka kadhaa ilishikwa na Mkurugenzi wa Idara ya Habari (MAELEZO). Wewe unaisemea taasisi yako tu, tena kwa idhini ya mkuu wake. Wapo wanaodhani njia hii haina ngazi za kupanda. Dkt. Hassan Abbasi alitoka MAELEZO akawa Katibu Mkuu wa wizara, na Gerson Msigwa aliongoza mawasiliano ya Rais Ikulu kabla ya kuteuliwa Msemaji Mkuu mwaka 2021. Kwa maoni yangu, nafasi za aina hiyo humhitaji mtu anayeelewa jinsi Serikali inavyoendeshwa, na ufasaha wa kuzungumza pekee hautoshi.

Kuaminiwa na mkuu wako kunajengwa hasa na mambo asiyopenda kuyasikia. Kila asubuhi mwandalie muhtasari wa magazeti na mitandao, na malalamiko ya wananchi uyaweke ukurasa wa kwanza, juu ya picha za ziara yake. Karibu na kila lalamiko andika jina la idara inayohusika na swali utakaloulizwa siku hiyo, ili kikao cha menejimenti kikianza, jibu liwe limeshaanza kutafutwa.