Jibu: Natubu Jumapili, Jumatatu napunja tena. Bado nimeokoka?
Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Unasema kila Jumapili unatubu kwa machozi, kesho yake pale mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, unampunja tena mteja wa sangara kwenye mizani, na usiku moyo unakusuta.

Huko kusutwa ndiko kunakonipa tumaini juu yako. Aliyekufa hasikii maumivu. Soma Warumi 7 kuanzia mstari wa 15: Paulo, tayari ni mtume, anakiri kwamba baya asilolitaka ndilo analolitenda. (Wapo wanaosema anasimulia maisha yake kabla ya Kristo, mimi sikubaliani nao, maana anaongea kwa wakati uliopo.) Ila usijifiche humo. Sura ya 8 inafuata palepale, nayo inasema Roho anatuweka huru mbali na dhambi.

Mimi niliuza dagaa kwa ndoo niliyoibonyeza kitako. Nilisali miaka miwili ndoo ikiwa bado mkononi! Nilipoivunja, ndipo maombi yalipoanza kuwa na nguvu. Zakayo mtoza ushuru naye aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, Luka 19.

Kwa hiyo kesho, kabla mitumbwi haijatia nanga, rekebisha mizani kwanza. Halafu mtafute hata mteja mmoja unayemkumbuka, umrudishie chake. Nakuombea leo usiku.