Re: Nina digrii ya kemia, naweza kuwa wakili wa hataza?

Mdogo wangu, umeuliza kama kemia yako itapotea bure ukiingia kwenye kazi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako. Haipotei hata kidogo, ndiyo mtaji wenyewe. Marekani, bila msingi wa sayansi au uhandisi huruhusiwi kufanya mtihani wa ofisi ya hataza ili kushughulikia uvumbuzi kama wa dawa. Lakini mkemia asiyesoma sheria akiufaulu, anaandika maombi ya hataza kama wakala, bila kuwa wakili.

Chukua mfano wa kampuni ya dawa ya Novartis na imatinibu, dawa ya saratani ya damu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliwanyima hataza kwa sababu umbo jipya la fuwele (kristali) za dawa hiyo halikuthibitishwa kuongeza nguvu ya kutibu. Bei ya dawa kwa wagonjwa wengi ilitegemea fuwele! Asiyejua kemia angeshika wapi hapo?

Anza leo kusoma madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile kinacholindwa, katika hataza za dawa unazozijua. Kila dai ni sentensi moja, hata likijaza ukurasa, na neno moja likikosewa mshindani anapenya. Zijue pia taratibu za ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la mali bunifu lililoko Harare, maana ombi moja pale linaweza kuomba hataza kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja.