Ni upepo, na ilifutwa kabisa

Mnaouliza kama Cape Town Cycle Tour, mashindano ya baiskeli ya Afrika Kusini, ilifutwa mwaka 2017 kwa sababu ya moto: ndiyo, ilifutwa, ila chanzo kikuu kilikuwa upepo, si moto. Cape Town Cycle Tour ya Jumapili, 12 Machi 2017, ilisimamishwa asubuhi ileile huku makundi ya kwanza yakiwa yameshaachiwa. Video zake zilisambaa sana: watu wameshikilia baiskeli kwa mikono miwili na bado zinapeperuka, wengine wanaangushwa hata kabla hawajapanda.

Mnaochanganya upepo na moto mna sababu. Mwaka 2015 moto wa nyikani ulifunga sehemu ya njia, lakini mbio hazikufutwa. Zilipunguzwa kutoka kilomita 109 hadi 47 hivi. Na hiyo 2017 palizuka pia moto mkubwa Imizamo Yethu, mtaa wa mabanda upande wa Hout Bay mjini Cape Town, kwa hiyo hali ilikuwa mbaya kwa pande zote.

Kuhusu hoja kwamba "upepo si kitu, mtu anapunguza mwendo tu": hapana. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, maana kasi ikiwa maradufu msukumo unakuwa mara nne. Ukija wa ubavuni kwenye kundi la watu maelfu, mmoja akiyumba anaangusha kumi nyuma yake, na ambulensi inapitaje hapo? Mvua ya kawaida unaweza kuendesha kwa tahadhari. Upepo wa namna ile hata uzio wa chuma pembeni mwa barabara unageuka hatari.